Taa ya Injini na Mkoba wa Nyumba

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye gari wa siku hizi, wingu hilo ni taa ndogo ya rangi ya manjano, yenye mchoro wa injini, inayowaka katika dashibodi mbele ya macho ya dereva. Wengi waionapo hushikwa na hofu, na mtu aliyeshikwa na hofu huuziwa lolote. Ndiyo maana nimeona yafaa tuzungumze juu ya taa hii katika kurasa hizi za nyumbani, kwa kuwa fedha inayopotea katika karakana ni ile ile ya unga, ya sabuni na ya karo za watoto.

Mimi ni mjane, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura, mtaa ambao jua halijapanda sawasawa tayari umekwishasikia nyundo za mafundi. Marehemu mume wangu aliniachia watoto watatu na gari dogo la Kijapani lenye silinda nne. Gari hilo ndilo jembe letu. Asubuhi hupeleka watoto wa majirani shuleni, na siku ya Jumamosi hupanda milima hadi Gitega likiwa na sare za shule ninazozishona. Mapato yake ndiyo yanayomlipia karo binti yangu mkubwa, aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwa hiyo gari likisimama, si gari peke yake linalosimama.

Siku taa ilipowaka, tulikuwa tunapanda kuelekea Bugarama. Anayeijua barabara hiyo anaelewa kazi yake: mji wetu uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama inapita mita 2,000. Katikati ya mlima gari likaanza kutikisika kama mtu mwenye homa, nguvu ikapungua, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Nikaondoa mguu kwenye moto, nikaegesha kando. Baada ya kupumzika, mtikisiko ulitulia na taa ikabaki ikiwaka bila kupepesa. Nikageuza, nikateremka taratibu hadi nyumbani.

Karakana ya kwanza tuliyokwenda ilichomeka chombo chao na kutoa hukumu kwa muda wa dakika tano: kataliti imekufa, yaani kile chombo cha kusafishia moshi kilicho chini ya gari, kihisi cha oksijeni kibadilishwe pamoja nacho, na huenda hata kompyuta ya injini ina dosari. Bei waliyonitajia ilizidi karo ya mwaka mzima. Jioni ile shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuja kunipa pole.

"Shemeji," akaniambia, "gari hili limeshachoka. Tuliuze kabla halijawa chuma chakavu. Nitakutafutia mnunuzi mimi mwenyewe."

"Nashukuru kwa kunihurumia, shemeji," nikamjibu. "Lakini mgonjwa hazikwi kwa sababu amekohoa. Nipe wiki moja."

Hakupendezwa, lakini alikubali. Na ndivyo ilivyoanza wiki ambayo mimi na binti yangu, anayesoma masomo ya sayansi, tulijifunza kulisoma gari letu wenyewe.

Kwanza yafaa kufahamu taa hii imetoka wapi, maana asili yake inaeleza tabia yake. Haikubuniwa ili kumtia hofu dereva. Ilizaliwa kwa ajili ya hewa. Jiji la Los Angeles huko Marekani lilikuwa limefunikwa na moshi wa magari, na jimbo la California likaweka masharti kwamba gari lijichunguze lenyewe na kumwarifu mwenyewe linapoanza kuchafua hewa kupita kiasi. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo la petroli lililouzwa Marekani lililazimika kuwa na mtindo mmoja wa kujichunguza na tundu la namna moja la kuchomekea chombo cha kusomea. Ulaya nayo ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hiyo taa ya manjano husema hivi: "Kuna jambo katika uunguzaji wa mafuta au usafishaji wa moshi ambalo halikwendi sawa." Haisemi kwamba injini imekufa, wala haisemi ni kifaa gani kinunuliwe.

Tofauti na hiyo ni taa nyekundu. Ikiwaka taa nyekundu ya mafuta ya kulainisha injini, ile yenye mchoro wa birika, au ile ya joto la maji, simama mahali salama na zima injini mara moja. Hapo hakuna mjadala, kwani dakika chache zaweza kuiua injini. Ama taa ya manjano, kama inawaka bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, unaweza kuendelea kwa utulivu na kuichunguza siku hiyo au kesho yake. Lakini ikipepesa, maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi inakosa kuwaka kwa kiwango kibaya. Mafundi wetu husema gari "linamisi". Petroli isiyoungua hupita hadi kwenye kataliti, ikaungulia humo, na kuichemsha hata ikaharibika. Taa inayopepesa inakutaka upunguze mwendo na moto, na mtikisiko usipokoma, usimame.

Chombo cha kusomea si siri ya mafundi. Kipo kidogo kama kiberiti, hupatikana kwa bei nafuu, na hupeleka habari kwenye simu ya mkononi bila waya. Tundu lake lina miguu 16 na liko chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Tuliazima kimoja kwa jirani, fundi mzee aliyekwisha kustaafu. Alipotupa alituonya: "Mama, namba utakayoiona inakuonyesha mahali pa kutazama tu. Kutazama kwenyewe ni kazi yenu."

Namba hizo zina mpangilio wake. Herufi ya kwanza ikiwa P, habari inahusu injini na gia. B ni ya bodi. C ni ya chesi, kama vile breki na usukani. U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, namba hiyo ina maana moja kwa magari yote. Ikiwa 1, kwa kawaida ni lugha ya kiwanda chenyewe. Tarakimu inayofuata hiyo hutaja eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni uwashaji, 4 ni usafishaji wa moshi, 5 ni mwendo na mngurumo wa gari likiwa limesimama, 7 ni gia. Magari mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hujibu chombo hiki nusu nusu, na yale ya zamani zaidi hayana tundu hilo kabisa. Kwa hayo mafundi huunganisha matundu mawili maalumu kwa kipande cha waya, kisha huhesabu mipepeso ya taa. Kazi hiyo mwachie anayejua matundu yenyewe, maana waya ukikosea njia waweza kuunguza kompyuta.

Letu lilijibu vizuri, na halikutoa namba moja bali mbili: P0420 na P0302. Ile ya kwanza husema utendaji wa kataliti umeshuka chini ya kiwango. Hiyo ndiyo karakana waliyoishika. Ya pili husema silinda ya pili inakosa kuwaka, na juu ya hiyo hawakunieleza neno. Siwaiti wezi. Waliisoma namba, wakaamini namba. Lakini mtu mwenye kikohozi na homa huulizwa kipi kilitangulia. Silinda isipowaka humwaga petroli mbichi kwenye kataliti, na kataliti iliyozidiwa hulalamika. Yenyewe ikiwa mbovu, si kawaida yake kuzuia silinda moja tu isiwake. Kwa hiyo busara ilidai tuanze na silinda.

Kabla ya kugusa chochote, binti yangu aliandika namba zote mbili katika daftari. Jambo hili ni la lazima. Wapo wanaofuta namba kwa haraka ili taa izimike, kumbe wanafuta ushahidi. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi picha ya hali ya gari katika dakika kosa lilipotokea. Ya kwetu ilionyesha injini ikiwa ya moto, mwendo ukiwa mdogo na mzigo ukiwa mkubwa. Ulikuwa ule mlima wa Bugarama. Tukaelewa kwamba ugonjwa wetu huja wakati wa joto na kazi nzito, na hiyo ni tabia ya umeme wa kuwashia unapokuwa dhaifu.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, funguo imetolewa na gari limeegeshwa mahali tambarare na breki ya mkono juu, tulifungua boneti. Tulianza na vitu vya bure. Tulitazama kama vichwa vya betri vimekaza na havina ukungu wa kijani. Tulipitisha mkono kwenye mipira ya hewa kutafuta nyufa. Tulitoa chujio la hewa tukalitazama kwenye mwanga. Tulikagua nyaya zilizotafunwa na panya, kwani panya wa mjini hawana heshima kwa gari la mtu. Vyote vilikuwa salama.

Katika gari letu kila silinda ina koili yake, inayokaa juu ya plagi na kuipa umeme. Koili hushikwa na boliti moja na soketi moja ya nyaya. Nilizitoa, kisha tukafungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zao. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ambayo ndiyo rangi ya afya. Ile ya silinda ya pili ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Hiyo ilithibitisha kwamba petroli ilifika lakini haikuungua.

Je, kosa ni la koili, la plagi, au la ndani zaidi? Hapa ndipo palipo na njia rahisi kuliko zote, nayo haina gharama. Tulisafisha plagi na kurudisha kila moja mahali pake. Kisha koili ya silinda ya pili tukaipeleka silinda ya nne, na ya nne tukaileta ya pili. Hatukubadilisha kitu kingine. Mtu akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, gari likipona hatajua dawa ni ipi. Baada ya hapo tulifuta namba, tukawasha gari, nikapanda nalo kilima cha karibu. Lilipoanza kutikisika tu, nikapunguza moto, nikageuza.

Taa haikuwa imewaka bado, lakini hilo lisikushangaze. Kwa makosa mengi kompyuta husubiri kuona kosa katika safari mbili mfululizo kabla ya kuwasha taa. Ila chombo huweza kusoma namba zinazosubiri. Binti yangu alishika simu, akasoma kwa sauti: P0304. Kosa lilikuwa limehama kutoka silinda ya pili kwenda ya nne, pamoja na ile koili. Mshitakiwa alikuwa amejitaja mwenyewe. Kama namba ingebaki kwenye silinda ya pili, tungehamisha plagi; kama bado ingebaki, tungeitazama nozeli ya petroli, na mwisho tungemwomba fundi apime msukumo wa silinda.

Koili moja tuliipata kwa sehemu ndogo ya karo ya muhula mmoja. Niliifunga kwa mkono wangu. Gari lilipanda hadi Gitega Jumamosi iliyofuata likiwa na sare zake, na leo ni miezi mitano: ile namba ya kataliti haijarudi. Shemeji alipokuja kuuliza kama nimekwisha amua kuuza, nilimwomba apande kiti cha mbele twende naye hadi Bugarama. Hakulitaja tena jambo la mnunuzi. Wiki mbili baadaye alileta gari lake, nalo likiwa na taa ya manjano, akaniomba nimwazimie kile chombo. Binti yangu bado yuko shuleni.

Taa ya shemeji haikuwa na ugonjwa kama wetu. Lake lilitoa P0171, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Watu wengi husikia hivyo wakanunua kihisi cha oksijeni, hali kihisi hicho ndicho kilichofanya kazi yake ya kutoa taarifa. Kwa namba hii tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka: injini ikinguruma, sikiliza kwa makini sauti kama ya nyoka anayepuliza. Halafu kitazame kipimo cha hewa kilicho baada ya chujio, kwani vumbi letu hukiziba, nacho husafishwa kwa dawa yake maalumu, si kwa kitambaa. Mwisho ndipo ushuku pampu ya petroli na chujio lake. Kwa shemeji ulikuwa ni mpira uliochanika karibu na kibanio.

Namba nyingine inayofaa kujulikana ni P0128, inayosema maji ya injini hayafikii joto lake kwa wakati. Mara nyingi themostati imekwama ikiwa wazi, na injini hula petroli bure. Zipo pia P0442 na P0455 zinazohusu kuvuja kwa mvuke wa petroli. Hizi huonekana zaidi kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, na mara nyingine dawa yake ni kukaza kifuniko cha tangi au kubadilisha mpira wake. Ukikaza, usitegemee taa izimike papo hapo. Kwa kawaida huzimika baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa.

Halafu lipo suala la mafuta yenyewe. Mwaka 2024, petroli ilipoadimika nchini kwetu, watu wengi walijaza magari kwa madumu na chupa zisizojulikana zilikotoka. Petroli ya namna hiyo yaweza kuwa na maji au uchafu, na gari likamisi katika silinda zote kwa zamu, chombo kikaonyesha P0300. Ukitilia shaka, weka petroli kidogo katika chupa ya kioo safi, nje ya nyumba na mbali na moto wowote, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli. Yatakaa chini na mstari utauona. Hapo kununua koili ni kupoteza fedha.

Nisisahau usalama, kwani kazi hii ni ya nyumbani na nyumbani kuna watoto. Usiwashe injini ndani ya kibanda kilichofungwa. Moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Vua pete na bangili, funga mtandio vizuri, na ukumbuke kwamba feni ya rejeta ya magari mengi huweza kuzunguka yenyewe. Usichomoe koili injini ikiwaka. Na boliti ndogo usizikaze kwa nguvu zote. Plagi iliyokazwa kupita kiasi huharibu nyuzi za kichwa cha injini, na hapo utalia.

Ndugu msomaji, sikukuandikia haya ili udharau mafundi. Wapo mafundi katika mtaa wetu wanaosikiliza injini wakaijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na kazi kubwa ni zao. Lakini nenda kwao ukiwa na daftari. Mwambie fundi: namba ni hizi, gari lilikuwa linafanya hivi, vitu hivi nimekwisha tazama. Akikuambia kifaa fulani kibadilishwe, muulize kwa adabu: "Fundi, umekipimaje?" Fundi wa kweli atakuonyesha. Asiyeweza kukuonyesha, mwambie utafikiri kwanza, chukua funguo yako, urudi nyumbani. Fedha iliyo bado mkobani haijapotea.